Kupanda Borobudur: kikomo cha idadi au kikomo cha mfuko?

Juni 2022 serikali ya Indonesia ilitangaza kwamba atakayetaka kupanda hadi kileleni mwa hekalu la Borobudur, Java ya Kati, angelipa dola 100 akiwa mgeni na rupia 750,000 akiwa raia, na kwamba wapandaji wasingezidi 1,200 kwa siku. Malalamiko yaliifanya serikali iiahirishe bei hiyo, ila upandaji uliporejeshwa mwaka 2023 uliendelea kuwekewa kikomo cha idadi.

Wanaotetea udhibiti wana hoja nzito. Hekalu hili la Kibudha lilijengwa kati ya karne ya 8 na ya 9 kwa mawe ya volkano yaliyopangwa bila saruji juu ya kilima, na maji ya mvua yaliyopenya ndani yalilidhoofisha hadi likahitaji ukarabati mkubwa, uliofanyika kwa msaada wa UNESCO na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada ya maji ikaja zamu ya viatu, ambavyo vimezila ngazi zake. Ndiyo maana sasa mpandaji huvaa upanat, ndala zinazofumwa na wanavijiji wa jirani, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo la busara kuliko yote katika mpango mzima, kwa kuwa limelinda jiwe na kumpa mwenyeji riziki kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, Borobudur haikujengwa itazamwe kwa mbali. Michongo inayosimulia maisha ya Buddha imo kwenye korido za hekalu lenyewe, ambako hujaji hutembea akilizunguka hekalu huku likiwa kuliani kwake, akipanda tabaka baada ya tabaka. Anayeishia uwanjani huliona umbo, lakini masimulizi yenyewe humpita. Kumzuia mtu kupanda ni kumnyima sehemu kubwa ya urithi anaoambiwa ni wake.

Hapo ndipo bei ya raia inapokosa utetezi. Kima cha chini cha mshahara Java ya Kati mwaka huo kilikuwa takriban rupia milioni 1.8 kwa mwezi, kwa hiyo tiketi moja ingemeza zaidi ya theluthi yake. Wanafunzi waliahidiwa kulipa rupia 5,000 tu, lakini bibi anayewapeleka wajukuu zake si mwanafunzi. Mgeni kulipa zaidi si ajabu, na Watanzania wanaufahamu utaratibu huo tangu milangoni mwa Serengeti. Tatizo lilikuwa kumpima mwenyeji kwa mfuko wake, wakati kikomo cha idadi kilitosha kuyalinda mawe.

Lililo la haki zaidi, naona, ni kutenga sehemu ya nafasi za kila siku kwa wakazi wa Magelang, wilaya lilipo hekalu, kwa bei ile ya wanafunzi. Gharama yake ni kwamba baadhi ya wasafiri waliotoka mbali watakuta nafasi zimejaa, na itawabidi waridhike na uwanja wa chini pamoja na hekalu dogo la Mendut, lililo kilomita chache upande wa mashariki.