Ubaguzi wa Ron ndio unaonisumbua

Ukizungumzia ubaguzi katika Harry Potter, riwaya saba za J.K. Rowling kuhusu shule ya wachawi, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mwanafunzi Draco Malfoy. Lakini huyo kesi yake nyepesi. Baba anaamini usafi wa damu, yaani kwamba mchawi halisi ni aliyezaliwa na wachawi, mtoto kameza. Yameisha.

Mimi namtazama Ron, rafiki mkubwa wa Harry, shujaa wa hadithi. Kwao ni watu wema, na kina Malfoy huwadharau kwa kuwapenda wasio wachawi. Katika kitabu cha pili Draco anamwita rafiki yao Hermione, mtoto wa wasio wachawi, "damu chafu", na Ron anachomoa fimbo yake mbovu palepale. Hermione mwenyewe hajui maana ya tusi lile, wala Harry. Wote wawili wamelelewa kwa watu wa kawaida, na huko hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna damu bora na damu hafifu.

Ron huyohuyo, katika kitabu cha tatu, anagundua kuwa Lupin hugeuka mbwa mwitu mwezi ukiwa mpevu. Mwalimu aliyempenda mwaka mzima! Anamfokea asimsogelee. Kitabu cha nne, cha mwaka 2000, ndicho kinachonimaliza: yeye na Harry wanamsikia Hagrid, mtunza viwanja wa shule na rafiki yao, akisema mama yake alikuwa jitu. Ron anaduwaa. Harry anashangaa, kwani kuna nini? Kwake Hagrid ni Hagrid tu.

Ron kayatoa wapi? Si kwa Malfoy. Katika kitabu cha tano mumewe Molly, mama yake Ron, amelazwa wodi moja na mtu aliyeng'atwa na mbwa mwitu wa aina hiyo, naye Molly ananong'ona kuuliza kama ni salama kumweka pale. Na Molly huyo anamfahamu Lupin vizuri! Hakuna matusi, hakuna fujo. Mnong'ono tu wa mama mwema, na watoto wana masikio.

Hapo mwandishi nampa heko. Ila kuna jambo namdai. Hagrid, ambaye naye amebaguliwa, anamwambia Harry kabla hata hajafika shuleni kwamba hakuna mchawi aliyeharibika asiyetoka Slytherin, mojawapo ya mabweni manne ya shule. Harry anaamini, nasi tukaamini, kuhusu watoto wa miaka 11 waliopangiwa bweni na kofia ya kichawi! Nilitegemea hadithi itakuja kutusuta. Kitabu cha saba, mwaka 2007, vita inakaribia, wanafunzi wanaotaka kupigana wanabaki ukumbini, na meza ya Slytherin inabaki tupu kabisa. Hata mmoja angemwacha akae.