Bwawa la Nyerere: Dar imepata umeme, Rufiji inasubiri nini?

Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 wakazi wa Dar es Salaam walipanga siku zao kwa ratiba ya mgao wa umeme. Fundi wa kuchomelea vyuma Buguruni alifanya kazi usiku umeme uliporudi, mwenye saluni Mbagala aliwasha jenereta na kupandisha bei, na muuza samaki aliyekuwa na friji moja alihesabu hasara kila jioni. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliingizwa kwenye Gridi ya Taifa, na kufikia mwaka 2025 mitambo yote tisa, kila mmoja wa megawati 235, ilikuwa imekamilika. Lakini miezi miwili tu baada ya mtambo ule wa kwanza kuwashwa, Aprili 2024, maji ya Mto Rufiji yalifunika nyumba na mashamba katika Wilaya ya Rufiji, vijiji kama Muhoro vikiwa miongoni mwa vilivyoumia zaidi. Umeme na mafuriko vilitoka kwenye mto mmoja katika msimu mmoja, na tangu hapo mazungumzo juu ya bwawa hili yamekuwa ya pande mbili zisizosikilizana.

Mimi ni mkazi wa jiji na ni mmoja wa wanaofaidika. Nalisema hili mapema, kwa sababu ni rahisi kwa mtu ambaye taa zake zinawaka kuona kwamba hoja imekwisha.

Wazo la kuziba mto katika korongo la Stiegler, mahali lilipo bwawa hili, zaidi ya kilomita 200 kusini magharibi mwa Dar es Salaam, si la juzi. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliunda Mamlaka ya Uendelezaji wa Bonde la Mto Rufiji, RUBADA, mwaka 1975, na wataalamu wa Norway walifanya upembuzi mrefu katika miaka iliyofuata. Fedha hazikupatikana, na umeme mwingi kiasi hicho haukuwa na mtumiaji. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, kwa gharama ya takriban shilingi trilioni 6.5. Ukuta una kimo cha mita 131, na ujazaji wa maji ulianza tarehe 22 Desemba 2022.

Wanaolitetea bwawa wana hoja nzito, na haitendi haki anayezipuuza. Kwa miaka mingi nchi iliegemea mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na mvua zilipokosekana, kama ilivyotokea mwaka 2006 na tena 2011, kina cha Mtera kilishuka, viwanda vikasimama, na serikali ikalazimika kukodi mitambo ya dharura kwa bei ambayo Watanzania waliendelea kuilipa hata baada ya mvua kurudi. Gesi ya Songo Songo, inayofika Dar tangu mwaka 2004, na ile ya Mtwara, iliyopata bomba lake mwaka 2015, zimesaidia sana, ila gesi ikishachomwa haijirudishi. Leo kuna treni ya umeme kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, na kuna kampeni ya kuwatoa watu kwenye mkaa, ambao unamaliza misitu ya Pwani na Morogoro gunia baada ya gunia. Mtu hawezi kudai mkaa upungue huku akipinga kila chanzo kikubwa cha umeme bila kusema sufuria itachemkia wapi.

Upande wa wahifadhi, hoja iliyosikika zaidi nje ya nchi ilihusu Pori la Akiba la Selous, ambamo bwawa lilijengwa, lililoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1982 na kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014 kwa sababu ya kuuawa kwa tembo. Mwaka 2018 zabuni ya kuvuna zaidi ya miti milioni 2.6 katika eneo la bwawa ilizua malalamiko makubwa, na mwaka 2021 pori lilinusurika kufutwa kabisa katika Urithi wa Dunia. Serikali ilijibu kwamba eneo linalofunikwa na maji ni sehemu ndogo ya pori lenye takriban kilomita za mraba 50,000, na ikaanzisha Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kwa maoni yangu mjadala huo umepitwa na wakati. Miti imekwishakatwa na bonde limekwishajaa maji. Jambo ambalo bado linaweza kuamuliwa, na ambalo linaamuliwa kila mwaka, ni namna maji yanavyoachiwa kwenda chini.

Hapa ndipo inapobidi kuelewa mafuriko ni nini kwa Mrufiji. Kwa vizazi vingi mto ulipanda wakati wa masika, ukaingia mashambani, ukashuka, na ukaacha tope lenye rutuba na unyevu uliotosha kukuza mahindi, kunde na maboga hata mvua zikiwa zimekoma. Kilimo hicho kinaitwa mlau. Mpunga ulipandwa kwa kutegemea maji yanayokuja, mlau kwa kutegemea maji yanayoondoka. Wenyeji walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili waweze kukaa karibu na mashamba. Maziwa madogo ya bondeni, kama Utunge na Ruwe, yalipata maji mapya na samaki wapya pale tu mto ulipofurika hadi kuyafikia. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 serikali iliwahamishia watu kwenye miinuko katika kile kilichoitwa Operesheni Rufiji, lakini wengi waliendelea kushuka bondeni kulima, kwa sababu huko ndiko chakula kilikopatikana.

Kwa hiyo mtu wa mjini anaposema kwamba bwawa limewaokoa Warufiji na mafuriko, anasema nusu ya jambo. Mafuriko ya wastani, yanayokuja kwa wakati wake, ni mbolea na samaki. Mafuriko makubwa ya ghafla ni maafa. Bwawa lina uwezo wa kuzuia yote mawili, na pia lina uwezo wa kuondoa la kwanza na kubakiza la pili. Mwendesha mitambo anataka bwawa lifikie mwisho wa masika likiwa limejaa, karibu na usawa wa mita 184 juu ya bahari, ili apate maji ya kuzalishia umeme hadi mvua nyingine. Katika miaka ya kawaida atashikilia maji, na mashamba ya mlau yatakosa tope. Katika mwaka wa mvua kubwa atakuta bwawa limejaa mapema, hana nafasi ya kupokea maji zaidi, na atalazimika kufungua milango wakati ambapo bonde la chini nalo limelowa.

Malumbano ya Aprili 2024 yalipaswa kuzungumzia hilo. Wananchi walisema maji yaliyoachiwa bwawani ndiyo yaliyowazamisha. Serikali ilisema mvua za El Niño zilikuwa kubwa kupita kawaida, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Kauli zote mbili zinaweza kuwa na ukweli ndani yake: bwawa linaweza kuwa lilipunguza kilele cha mafuriko na bado likawafikishia watu maji kwa siku na kwa kasi ambayo uzoefu wao wa mto haukuwaandaa. Mrufiji alizoea kuusoma mto kwa mawingu na kwa rangi ya maji. Sasa mto unaamuliwa na watu walio kwenye chumba cha kuongozea mitambo, na ishara zake za zamani hazimsaidii tena.

Chini zaidi kuna delta, yenye hekta takriban 53,000 za mikoko, ambayo ni karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara na ni makulia ya kamba wanaouzwa hadi Dar es Salaam. Delta hujengwa na mchanga na tope la mto, na sehemu kubwa ya mzigo huo sasa inatua ndani ya bwawa. Athari yake haitaonekana mwaka huu wala ujao, na ndiyo maana inahitaji kupimwa kuanzia sasa.

Tunao mfano wetu wenyewe. Mwaka 2000 kituo cha Kihansi kilianza kuzalisha umeme kwa kuchepusha maji ya maporomoko ambako, miaka michache tu kabla, walikuwa wamegunduliwa vyura wadogo wasiopatikana kwingine popote duniani. Vyura hao waliishi kwa rasharasha za maporomoko. Rasharasha zilipokatika, na kisha ugonjwa wa kuvu ukaingia, wakapungua hadi wakatangazwa kutoweka porini mwaka 2009. Waliosalia walitokana na wale takriban 500 waliosafirishwa mapema kwenda Marekani, na uzao wao ulianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Iligharimu mabomba ya kunyunyizia maji na miaka ya kazi kurekebisha jambo ambalo lingeweza kupangwa kabla. Bonde la Rufiji lina watu, na watu hawahifadhiwi nje ya nchi wakasubiri.

Kihansi inanikumbusha jambo jingine linalozungumzwa kidogo mno mjini. Mtera, Kidatu, Kihansi na Bwawa la Nyerere, jumla ya megawati zisizopungua 2,500, vyote viko katika bonde moja la mto. Mto Kilombero ndio unaoleta sehemu kubwa zaidi ya maji ya Rufiji, ilhali Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka katika sehemu yake inayopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha karibu kila kiangazi tangu miaka ya 1990, kwa sababu ya matumizi ya maji huko Usangu, upande wa juu wa mto. Ukame ukilishika bonde hilo, hakuna bonde la pili la kutukinga, na mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo itabaki kuwa muhimu kuliko tunavyofikiri leo.

Ninachokitaka kinaweza kutekelezwa kabla ya masika yajayo. Kina cha maji bwawani kitangazwe kila wiki, kwa redio na kwa mbao za matangazo za vijiji, kuanzia Mloka hadi Nyamisati. Ratiba ya kuachia maji ijadiliwe na wakulima wa bondeni pamoja na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ikiwa na kiasi maalumu cha kulowesha mashamba ya mlau katika miaka ambayo maji yanatosha, na nafasi maalumu ya kuachwa wazi bwawani kabla ya Machi. Mwaka ambao hilo litapunguza megawati kadhaa, Dar es Salaam iambiwe waziwazi kwamba umeme wake umepungua kwa ajili ya mpunga wa Ikwiriri na kamba wa delta, ambao wengi wetu tunaula.