Jukwaa lilitangulia
Makala yenu kuhusu mwigizaji Angela Lansbury inaanzia mwaka 1984, alipoigiza kama Jessica Fletcher katika tamthilia ya televisheni ya Murder, She Wrote, kana kwamba kabla ya hapo hakuwa mtu wa kutajwa. Kwa heshima zote, naona mmempunja. Wakati huo alikwisha kutwaa tuzo 4 za Tony, zinazotolewa kwa maigizo ya jukwaani, kwa kazi zake za Broadway, eneo la kumbi za maigizo jijini New York, mojawapo ikiwa ya mwaka 1979 kwa Sweeney Todd, mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, ambamo alipaswa kuimba, kuchekesha na kutisha kwa pamoja, mbele ya watazamaji ambao hawawezi kuombwa wasubiri kipande kirudiwe. Emmy, tuzo ya televisheni, ajabu, hakuipata kamwe, ingawa aliteuliwa mara 18. Mwaka 2009, akiwa na miaka 83, aliongeza Tony ya 5.