Usinunue Silinda Hedi kwa Namba Moja
Matangazo ya silinda hedi za alumini (vifuniko vya juu vya injini vyenye valvu na matundu ya kupitishia hewa) kwa ajili ya injini ndogo ya V8 ya Chevrolet, ile iliyoingia sokoni mwaka 1955 na ambayo mafundi wa Marekani hawajachoka kuisuka upya, hutanguliza namba moja kubwa: futi za ujazo za hewa zinazopita kwa dakika. Naamini kwa dhati kwamba namba hiyo, ikiachwa peke yake, humdhulumu mnunuzi.

Ili kuipata namba hiyo, hedi hufungwa juu ya mashine yenye mota zinazovuta hewa kupitia tundu la kuingizia, huku valvu ikisukumwa kwa skrubu hatua kwa hatua na saa ya kipimo ikionyesha imefunguka kiasi gani. Nguvu ya mvuto huo hupimwa kwa inchi za maji, yaani kimo cha maji yanayopandishwa na mvuto huo kwenye mrija. Wengi hutumia 28, lakini wapo wanaopima kwa 10, na kwa kuwa mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha nguvu hiyo, hedi inayosoma 150 kwa inchi 10 itasoma takribani 251 kwa inchi 28, bila mtu kuigusa kwa tupa. Vivyo hivyo silinda ya majaribio: ikiwa pana kuliko inchi 4 za silinda ya injini ya 350 (toleo la injini hiyo lenye ujazo wa inchi 350), ukuta unakaa mbali na valvu na hewa inapita kwa urahisi ambao gari lako halitauona kamwe.

Nimewahi kusimama kando ya fundi akipima tundu ambalo ukingo wake mkali ulikuwa wazi. Kisha alichukua plastisini, ule udongo laini wa kufinyangia, akaizungushia mdomo wa tundu na kuilainisha kwa kidole gumba hadi ukapanuka kama mdomo wa tarumbeta. Alipowasha tena, ule mluzi uligeuka mvumo, na maji kwenye mrija unaoonyesha mtiririko yakapanda. Kufanya hivyo ni halali, kwa sababu plastisini inashika nafasi ya manifoldi, yaani mabomba yanayoleta hewa kwenye hedi, lakini muuzaji hana budi kusema.

Linaloniudhi zaidi ni kutangaza kipimo cha kileleni tu, yaani kile cha valvu ikiwa imefunguliwa zaidi kuliko kote. Kemshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, inayoinua valvu inchi 0.500 huifikisha hapo mara moja katika kila mzunguko wake, ilhali huipitisha kwenye 0.300 mara mbili, ikifunguka na ikijifunga. Mtiririko uliopimwa valvu ikiwa imefunguka inchi 0.700 una faida gani kwa injini hiyo? Tena tundu likiwa kubwa mno, hewa huingia kwa mwendo wa kujivuta, na gari la barabarani hukosa nguvu injini inapozunguka polepole.

Hedi mbili nilizokuwa nikizitafakari zilipimwa siku moja, kwenye mashine moja, kwa plastisini ile ile. Niliyoifunga ni ile iliyoshindwa kileleni, kwa kuwa kuanzia 0.200 hadi 0.400 iliipita mwenzake katika kila hatua.