Kambi ya mahema kwenye uwanja wa nyumba ya mkoloni: Kongwa udongo ndio wenye neno

Waingereza walipouvunja mradi wao wa kulima karanga mwaka 1951 waliacha majengo Kongwa, mkoani Dodoma. Fikra ya kufanya viwanja vya nyumba kubwa kama hizo kambi za mahema zinazolinda mazingira si mbaya. Kivuli kipo tayari, na paa ni mali kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200, kwa mvua ya milimita 550 kwa mwaka, ukitoa asilimia 20 inayopotea, hukupa lita 88,000. Wageni 20 wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, maji hayo yanavuka kiangazi chote, Mei hadi Novemba. Shida ni pa kuyaweka: simtanki tisa za lita 10,000. Ukinunua mbili, kabla Juni haijaisha utaita boza.

Wapinzani wanauliza habari ya malisho uwanja ukizungushiwa uzio, na wana haki. Kondoa, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973, mifugo iliondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka mwaka 1979. Uoto ulirudi, lakini gharama iliwaangukia wenye ng'ombe. Kwa hiyo uzio usizibe njia ya mifugo kwenda majini. Ndani ya uzio, njia ya kisiki hai, ya kurudisha miti kutoka visiki vilivyomo ardhini, inatosha: kwenye kila kisiki acha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine kata. Na wageni wapikie gesi, la sivyo visiki hivyohivyo vitaishia jikoni.

Panapoharibika kabisa ni chooni. Choo kikavu kina mashimo mawili. Moja linatumika, jingine linapumzika angalau mwaka, na kila haja hufunikwa kwa kopo la majivu. Michoro mingi kutoka nje imewafikiria watu wa karatasi. Sisi tunachamba kwa maji. Lita moja kwa kila mtu, watu 20, na baada ya wiki shimo ni uji wenye funza. Jenga pa kuchambia pembeni ya tundu, hatua moja tu, maji yaelekee kwenye shimo la kokoto.

Hapo ndipo udongo unapodai chake. Mfinyanzi huu ndio uliokakamaa kiangazi hata karanga zikagoma kung'oka. Vigingi vya hema vyenyewe inabidi viwe nondo za milimita 12. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache usiku kucha, jaza tena, upime. Maji yakishuka pungufu ya sentimita 2.5 kwa saa, achana na shimo la kokoto. Inua tuta la changarawe, panda matete juu yake. Kipimo hicho kifanyike Machi, udongo ukiwa umeshiba mvua. Cha Septemba kinadanganya: ardhi imepasuka, maji yanapotelea kwenye nyufa, fundi anakwambia shimo linanyonya vizuri.