Kitabu Changu Kimegeuka Baraza la Usuluhishi

Leo asubuhi kitabu changu kimerejeshwa mezani kwangu kikiwa kimejaa maandishi pembezoni mwa kurasa, na mrejeshaji, bila haya hata kidogo, ameniambia kwamba amekiongezea thamani. Pale mwanzo kabisa, ambapo mdogo anampigia simu dada yake usiku kumwarifu kwamba ameua tena, mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Zima simu!" Chini yake, kwa penseli na kwa mwandiko wa mtu mwingine, kuna jibu: "Wewe huna ndugu." Na chini kabisa, kwa wino wa bluu ambao ninaufahamu vizuri kwa kuwa ndio unaotumika kukataa maombi yangu ya masurufu, imeandikwa: "Wote wawili hamjasoma hadi mwisho." Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu kwa miaka yote hii imekuwa kulinda majalada yasichafuliwe na fikra za watu, na sasa jalada langu mwenyewe, nililolinunua kwa fedha yangu, limefunguliwa mashauri ambayo sikuyasajili.

Kitabu chenyewe ni riwaya ya Oyinkan Braithwaite wa Nigeria, My Sister, the Serial Killer, yaani "Mdogo Wangu, Muuaji wa Mfululizo", iliyotoka mwaka 2018 na ambayo mwaka 2019 ilifika katika orodha ndefu ya tuzo ya Booker. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba, kwa bei ambayo mke wangu bado hajaambiwa. Kisa kinatokea Lagos. Korede ni muuguzi mwenye utaratibu wa kupita kiasi, mtu ambaye angeajiriwa masjala bila usaili. Mdogo wake Ayoola ni mrembo ambaye wapenzi wake hawafi kwa malaria. Simu inalia, Korede anakwenda, anavaa glavu, anamwaga jiki, anasugua bafu la watu, na mwili wa Femi, wa tatu katika hesabu, unaishia majini chini ya daraja la Third Mainland. Kesho yake anakwenda kazini kama kawaida na kuwagombeza wafagizi wa hospitali. Sura zake ni fupi fupi, jambo linaloeleza kwa nini hata watu ambao hawajawahi kumaliza kusoma waraka wa likizo wamekimaliza hiki na kurudi na misimamo.

Sikukiazimisha ili nipate misimamo. Mhasibu alikiona mezani, na katika ofisi yetu kitu kilichoonwa na mhasibu kimekwisha kuidhinishwa. Alipokirudisha alikuwa amekwama kwenye hesabu: kitabu kinasema kwamba muuaji huitwa wa mfululizo akifikisha watu watatu, hivyo yeye anataka kujua ni nani aliyetia saini alipokufa wa pili. Mama wa kantini, aliyesimuliwa tu wakati akikaanga maandazi, alitoa hukumu kwamba wote wawili wanahitaji maombi, ila Korede aombewe zaidi, kwa sababu Ayoola angalau anajua anachotaka. Dereva wa ofisi alicheka hadi akashika ukuta pale askari wa barabarani anapomsimamisha Korede na jambo likamalizwa kwa hela, akasema sehemu hiyo si hadithi. Mlinzi wa getini yeye anashikilia kwamba mhusika mwenye akili ni mmoja tu, Muhtar, yule mgonjwa aliyelala bila fahamu ambaye Korede humwendea kumtolea siri zake zote, kisha siku moja anaamka akiwa na kumbukumbu. Mlinzi ameniambia hayo huku akinitazama kwa namna ambayo imenifanya nikumbuke mambo niliyowahi kuyasema karibu na kiti chake nikiamini kwamba amesinzia.

Basi wamegawanyika. Wapo wanaosema si kitabu cha kuchekesha, kwa kuwa watu wanakufa. Wapo wanaosema si kitabu cha kutisha, kwa kuwa hakuna mpelelezi hodari na polisi wanaingia na kutoka bila kumshika mtu. Na wapo wanaodai kwamba mwandishi amewaonea wanaume, ambao kwa bahati mbaya ndio wanaoketi karibu na meza yangu. Nami ninayo rai yangu, ambayo hakuna aliyeiomba. Wanaomlaumu Korede wanamtafuta mahali ambapo alikaa chini, akatafakari, na akaamua kuwa mshirika wa mauaji, na mahali hapo hapapo. Kuna simu ya kupokea au kutopokea. Kuna foleni ya magari. Kuna ndoo, kuna dekio, kuna doa ambalo halijatoka vizuri. Kila kimoja kati ya hivyo ni uamuzi wa mtu anayetaka jioni yake iishe akalale, na vikijumlishwa vinakuwa maiti chini ya daraja. Ndiyo maana mtu anacheka, na anayesema hakucheka ninamwomba aeleze kwa nini amenyoosha msitari chini ya sentensi zote zinazohusu usafi.

Lakini hayo yote ni ya ofisini, na ya ofisini huisha saa tisa na nusu. Balaa langu lilianza pale dada yangu mkubwa aliponitembelea, akakiona kitabu juu ya kabati, akakitia mkobani bila kuniuliza.

Dada yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Hasomi kitabu, anakisahihisha. Alikaa nacho kimya kwa muda, nikadhani kimemshinda, kumbe alikuwa anaandaa mtihani. Usiku mmoja, saa tano na nusu, mvua ikinyesha na umeme ukiwa umekwenda kule unakokwendaga, simu yangu ililia. Nikapokea. Akasema kwa sauti ya chini sana, sauti ambayo mara ya mwisho niliisikia siku alipotutangazia msiba wa baba: "Mdogo wangu, njoo. Njoo na jiki."

Sasa naomba msomaji mwenye haki ajiweke mahali pangu. Yeye anaishi Mbagala, mimi naishi Kimara, pande mbili tofauti za Dar es Salaam. Daladala za mwisho zilikuwa zimekwisha kulala. Wa bajaji, ukimpigia saa hizo mvua ikinyesha, hakutajii nauli bali anakutajia mahari. Jiki nyumbani kwangu ilikuwa imebaki kifuniko kimoja, na mke wangu alikuwa ameketi kitandani gizani akinitazama kwa macho ya mtu anayesubiri kusikia jina la mwanamke. Katika hali hiyo, nikiwa na suruali mguu mmoja, niliuliza swali ambalo binadamu yeyote timamu angeliuliza: "Shikamoo dada. Kwani kuna nini?"

Kimya kikapita. Kisha nikasikia kalamu ikiandika.

"Korede hakuuliza kuna nini," dada akasema. "Lala salama." Akakata simu.

Sikulala salama. Asubuhi niligundua kwamba hakunipigia mimi peke yangu. Mdogo wetu wa tatu alipigiwa saa tano kasoro, naye aliomba atumiwe nauli kwanza. Kitinda mimba wetu hakupokea kabisa, akatuma ujumbe asubuhi kwamba simu yake iliisha chaji, ilhali usiku huohuo aliweka picha za harusini kwenye simu hiyohiyo. Ndugu wa tumbo moja tukajikuta tumepewa alama, na alama hazikuwa nzuri, na Jumamosi iliyofuata tukaitwa Mbagala, mbele ya mjomba, kujieleza.

Mjomba hakukisoma kitabu. Alitangaza hivyo mwenyewe alipofungua kikao, akaongeza kwamba kutokukisoma ndiko kunakompa haki ya kuwa mwenyekiti, maana hana upande. Dada akasimama, akausimulia mkasa mzima kwa ufasaha, na nikiri kwamba alipofika kwenye habari za baba yao Korede na Ayoola, mwanamume mkatili aliyewapiga na ambaye kisu chake ndicho Ayoola anachotembea nacho, sebule nzima ilinyamaza na hata watoto wakaacha kugombea soda. Kisha akauliza swali lake: kama yeye, aliyetubeba mgongoni, angekuwa amefanya jambo, tena jambo baya, ni nani kati yetu angekuja bila kuuliza?

Mdogo wetu wa tatu alijibu kwamba inategemea ni jambo gani. Mjomba akamkemea kwamba ndugu hapimwi kwa mizani ya dukani. Kitinda mimba akasema kwa sheria za nchi anayesafisha damu naye ana kesi, akaambiwa anyamaze, huyo wa chaji. Mpwa wangu wa chuo, ambaye kitabu alikisoma kweli, alijaribu kueleza kwamba mwandishi hamsifu Korede, kwamba Korede naye anaumia, kwamba anampenda daktari Tade na bado mwishoni anamchagua mdogo wake, na kwamba hiyo ndiyo dhihaka yenyewe. Mjomba akamuuliza dhihaka inaliwa na nini.

Wakati wote huo shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kawaida, karibu na dirisha, akiwa na heshima zake zote. Ni mtu mpole, haingilii mambo ya ukwe. Alisubiri hadi pale aliponyamaza hata mjomba, akakohoa kidogo, akasema: "Naomba kuelimishwa. Katika mfano huu unaojadiliwa, wa dada kupiga simu usiku na nyinyi kuja na jiki, mimi wakati huo nakuwa nipo wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Dada alisema kwamba ni mfano tu. Shemeji akasema anaelewa kwamba ni mfano, lakini nyumba ina watu wawili, na kama mmoja wao ndiye anayepiga simu, kwa hesabu ya kawaida yeye anaona ni nani anayelala sakafuni. Mjomba, kwa nia njema kabisa, akamtuliza kwamba hata ikitokea hivyo ukoo utamhifadhi kwa heshima. Shemeji akashukuru. Kisha wakaleta pilau, na niliona kwa macho yangu akisubiri dada aonje kwanza.

Ni hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika, na heshima yangu ya karani, ambayo nilikuja nayo imepigwa pasi, ikaenda zake. Niliweka sahani chini nikauliza: kwani jiki ni nini? Ni nani aliyemdhamini binamu kwenye mkopo wa pikipiki, pikipiki ikapotea, na makato yakaja kwenye mshahara wangu mimi? Ni nani anayepigiwa simu kila mtoto wa ukoo huu anapokamatwa na fulana ya shule isiyo na nembo? Mchango wa harusi ya kitinda mimba ulipopelea, ukumbi ukiwa umekwisha kupambwa, ni nani aliyetoka usiku kwenda kuongea na mwenye viti? Mjomba alipotaka wageni waambiwe kwamba amesafiri, ni nani aliyesimama mlangoni akadanganya watu wazima mchana kweupe? Hakuna siku hata moja nilikaa chini nikaamua kuwa mtu wa kufuta mambo ya watu. Nilipokea simu, basi! Mkaona huyu hupokea. Na sasa mwalimu mstaafu ananinyima alama kwa sababu niliuliza kuna nini! Hata Korede mwenyewe, kama angekuwa na mkopo wa pikipiki ya binamu, angeuliza!

Kukawa kimya. Mjomba akasema kwamba nimezungumza vizuri, na kwa kuwa nimelitaja lile la wageni, wapo wengine wanakuja Jumatano.

Kitabu kilirudi kwangu Jumatatu kikiwa na kalamu nyekundu ya dada, nacho kikaondoka tena kabla sijakifungua, kwa sababu mkuu wa idara amesikia habari zake na anataka kujua kama kinafaa kwa semina ya maadili kazini. Nilitaka kumwambia kwamba kina daktari, muuguzi, polisi na askari wa barabarani, na kwamba katika hao wote mwenye maadili ya kazi bila kasoro ni yule anayeficha maiti. Lakini mkuu wa idara ndiye anayepanga zamu za sikukuu. Huko kwake ndiko kilikopatia wino wa kijani, ule unaosema kila baada ya kurasa chache "Tuzungumze." Tuzungumze na nani, hakuandika.

Na leo mchana, nikiwa bado nafuta penseli kwa kifutio kilichobaki robo, shemeji amenipigia. Kwanza ameulizia afya ya watoto, kisha bei ya saruji, kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, ameomba nimwazime kile kitabu, ila nimwambie kabla hajaanza kama kuna mume anayekufa. Nimemjibu kwamba wanaokufa mikononi mwa Ayoola ni wapenzi tu, hakuna hata mmoja aliyemuoa. Nikasikia akishusha pumzi. Sikumtajia Gboyega, yule tajiri aliyekuwa na mke nyumbani na ambaye hakurudi hai kutoka safari ya Dubai, kwa sababu shemeji naye husafiri sana kikazi kwenda Dodoma na sikutaka nauli yake ya serikali ipotee bure. Akanishukuru, akasema basi kitabu hakimhusu, atakisoma kwa amani. Kabla hajakata akauliza swali moja tu la mwisho, kama wapenzi hao walikuwa wamekwisha kutoa mahari, na kama waliitoa, ilirudishwa kwa nani.