Chura wa ukingoni anabebeshwa kosa la chura wa majini

Mvua ndefu zikianza, kandokando ya vidimbwi vya samaki vya Kakamega, Vihiga, Siaya na Kisumu, magharibi mwa Kenya, hutapakaa mizoga ya vyura, wengine wamepondwa kwa mawe, wengine wamemwagiwa chumvi. Mfugaji ana hoja yake. Aliweka vifaranga elfu kadhaa vya kambare. Baada ya wiki chache akavuta wavu, akapata wa kujaza sufuria. Usiku anawasikia vyura, asubuhi anawaona. Mwizi mwingine atamtafuta wapi?

Neno lenyewe linamponza. Kiswahili kinasema chura kwa yule wa ngozi kavu yenye vipele anayesubiri wadudu chini ya taa ya baraza, na kinasema chura kwa yule mtelezi wa majini mwenye makucha meusi kwenye miguu ya nyuma. Wa kwanza anaitwa Sclerophrys gutturalis kitaalamu, wa pili Xenopus victorianus, na kinachowatofautisha hasa ni mdomo.

Ulimi wa chura wa vipele umeshikizwa mbele ya taya. Huufyatua na kunasa mdudu anayetembea nchi kavu: mchwa, mende, nondo, kiwavi. Chini ya maji silaha hiyo haifai kitu. Hata kunywa hanywi kwa mdomo. Hukaa kwenye udongo chepechepe na ngozi ya tumbo ikafyonza. Kidimbwini anakuja kuoa tu. Dume hukoroma ukingoni, jike humfuata, mayai hutagwa, kila mmoja akashika njia yake. Chura wa makucha hana ulimi kabisa. Huishi majini, husikia mtikisiko wa windo kwa mistari ya hisi mwilini kama samaki, kisha hulisukumia mdomoni kwa mikono. Kifaranga wa kambare wa siku chache ni tonge kwake. Naye haonekani: hupanda kuvuta pumzi mara moja, akazama topeni.

Hapo ndipo hasara inapojificha. Aliyeua vyura kumi wa ukingoni anaamini kazi imekwisha, kwa hiyo anaendelea kumwaga chakula kwa hesabu ya samaki aliowaweka, si waliobaki. Unga usioliwa unaoza, maji yanachafuka, oksijeni ya alfajiri inapungua, na wale wachache waliosalia wanaanza kufa. Mfugaji analaumu chakula, au aliyemuuzia vifaranga. Ananunua wengine, anawaweka katika maji yaleyale, na sasa mlaji wao ameshanenepa kwa kundi la kwanza. Vile vidimbwi vya mita mraba 300 vilivyochimbwa kwa mpango wa serikali wa mwaka 2009 vilikufa kwa sababu nyingi, lakini mfugaji aliyepoteza makundi mawili hivi hahitaji sababu ya tatu.

Chura wa vipele naye si malaika. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 15,000, yamepangika kama shanga nyeusi ndani ya nyuzi mbili za ute. Viluwiluwi vyake vyeusi hujazana kingoni, hula unga wa samaki na kuziba wavu siku ya kuvuna. Samaki wengi huvitema, maana vina ladha mbaya. Mbwa akimng'ata, tezi zilizo nyuma ya macho ya chura hubanwa na kutoa sumu inayovuruga moyo (hatemi sumu, wala vipele vyake haviambukizi). Msuuze mbwa kinywa huku maji yakitiririka nje, si kooni, umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Lakini kosa hilo la mayai dawa yake ni fimbo na dakika 20. Alfajiri baada ya mvua zunguka ukingo, zoa nyuzi za mayai kabla hazijaanguliwa, kwa kawaida siku moja au mbili, uzitupe juani mbali na maji. Usiwape bata, hata mayai yana sumu.

Wa makucha anataka kazi. Kausha kidimbwi, pamoja na vidimbwi vidogo vinavyobaki sakafuni, kwa sababu hujifukia topeni akingoja maji yarudi. Nyunyiza chokaa tope likiwa bado bichi. Mdomo wa bomba la kuingizia maji ufunge kwa wavu laini, na uusafishe kila siku. Majani yakiuziba maji hupita juu, na chura nayo. Jaza maji, weka vifaranga ndani ya siku mbili tatu, usiwape vyura nafasi ya kutangulia. Usiku wa mvua chura huyu hutembea nchi kavu kutoka mtaro hadi mtaro, kwa hiyo zungushia ua wa mabati au wavu wenye kimo cha sentimita 60, ncha ya chini ikifukiwa 15. Ua huo utamfungia ndani chura wa vipele aliyekuja mapema. Mchukue kwa ndoo, umwachie kwenye sukumawiki.